Sura ya Sita: Fedha za Mkupuo

Katika nchi ya mahindi na miwa iliyolala baina ya Kitale na Bungoma, chini ya Mlima Elgon, kuna kazi moja isiyofanana na kazi nyingine yoyote kwa namna inavyolipa, nayo ni kazi ya kukimbia. Mwalimu hupokea mshahara wake kila mwezi, mkulima huvuna mara moja kwa mwaka na kungoja zamu yake mbele ya ghala la Bodi ya Nafaka, mchuuzi wa sokoni huishika faida yake kila jioni. Lakini mwanariadha, baada ya kutaabika miaka mitano au sita pasipo kupata hata nauli, huweza kupata katika asubuhi moja, naye bado ni kijana wa miaka ishirini, mali ambayo baba yake na babu yake kwa pamoja hawakupata kuiona, kisha asipate nyingine ya kadiri ile mpaka mwisho wa umri wake. Sura hii yawahusu vijana hao. Rai nitakayoitetea ni kwamba haja yao kubwa si mawaidha, ambayo wameyasikia tangu utotoni na pengine wanayajua kuliko wanaowausia, bali ni mlinzi wa mali asiye na fungu katika mali hiyo, na mlinzi huyo awe amekwisha kupatikana kabla fedha za kwanza hazijaingia benki.

Jambo hili halikuanza jana. Ben Jipcho, aliyezaliwa mwaka 1943 katika nchi hiyo hiyo ya Mlima Elgon, alikuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kulipwa hadharani kwa ajili ya mbio, na maisha yake yastahili kusomwa na kila anayewaongoza vijana. Katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 aliitoa nafsi yake mhanga kwa ajili ya mwenziwe: aliuendesha mzunguko wa kwanza wa mita 1500 kwa kasi ya kuwavunja moyo wapinzani, ili Kipchoge Keino apate kumshinda Mmarekani Jim Ryun, na yeye mwenyewe akamaliza nyuma sana. Miaka minne baadaye, mjini Munich, akapata nishani ya fedha katika mbio za kuruka viunzi na maji, nyuma ya Keino yule yule. Juni 1973, mjini Helsinki, akaivunja rekodi ya dunia ya mbio hizo kwa muda wa dakika 8 na sekunde 13.91, na mapema mwaka 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, akatwaa dhahabu mbili na shaba moja kwa michezo ile ile, kazi ambayo hata leo wanariadha wachache wangethubutu kuijaribu.

Kwa ushindi wote huo kanuni za riadha za siku zile hazikumruhusu kupokea malipo halali. Mwanariadha alitakiwa awe mtu wa ridhaa, akimbiaye kwa ajili ya heshima peke yake; na atakayepokea fedha waziwazi atafungiwa mlango wa Olimpiki. Ndipo Mmarekani mmoja, Michael O'Hara, alipoanzisha mwaka 1972 chama cha riadha ya kulipwa, kilichowasafirisha wanariadha mashuhuri kutoka mji hadi mji wa Marekani, na mwaka 1974 Jipcho akakubali kuingia humo. Alikuwa amepita umri wa miaka thelathini, ana familia, na alijua vema kwamba nishani hainunui mbegu. Wala neema hiyo haikudumu: mwaka 1976 chama kile kilianguka kwa kukosa fedha, na waliokuwa wameacha Olimpiki kwa ajili yake wakabaki bila huku wala kule. Lakini Jipcho alirudi nyumbani akaendelea na maisha ya ukulima Trans Nzoia, hadi alipofariki Julai 2020. Mimi naona alichagua sawasawa, na sababu ya kusalimika kwake naiona katika umri wake: fedha zilimkuta mtu mzima aliyekwisha kuujua uzito wa shilingi. Vijana wa leo fedha huwakuta wakingali na umri wa shule.

Kuna jambo la baada ya hapo ambalo wengi wamelisahau. Mwaka 1982 shirikisho la riadha la dunia lilianza kulegeza kanuni zake, likaruhusu wanariadha walipwe, illa fedha zenyewe zisiwafikie mkononi. Zilipaswa kuwekwa katika mfuko wa amana chini ya uangalizi wa chama cha riadha cha nchi yao. Mwanariadha achote humo gharama za mazoezi na za kuishi, na kinachobaki akipokee siku atakapostaafu. Nia ilikuwa kuuhifadhi uridhaa kwa hila ya kisheria, si kumhifadhi kijana. Na mlinzi aliyewekwa, yaani afisa wa chama, hakuwa mlinzi wa kuaminika katika kila nchi, kwani mtu anayeshika amana ya wengi, pasipo mwenye mali kuweza kumuuliza, hutiwa majaribuni kila siku. Kwa hiyo kanuni ile ilipokufa, na mashindano ya dunia yalipoanza kuwalipa washindi moja kwa moja mjini Athens mwaka 1997, hapana aliyeililia. Ilistahili kufa. Ila pamoja na mlinzi asiyefaa iliondolewa pia kazi ya ulinzi, na mpaka leo hakuna aliyeirudisha mahali pake.

Tazama sasa mambo yalivyo kwa kijana wa zama hizi. Tarehe 15 Agosti 2009, mjini Berlin, Linet Masai wa Mlima Elgon, msichana wa miaka 19, alikuwa nyuma ya Muhabeshi Meselech Melkamu walipokuwa wakiikaribia tamati ya mita 10,000. Melkamu, akiamini kwamba kazi imekwisha, aliinua mikono kushangilia. Linet hakuinua kitu, aliendelea kukimbia mpaka kifua chake kikapita mstari, naye akatangazwa bingwa wa dunia kwa dakika 30 na sekunde 51.24, mbele ya mwenzake kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Siku mbili baadaye kaka yake, Moses, akapata shaba katika mbio hizo hizo za wanaume. Katika mashindano yale dhahabu ililipwa dola 60,000 na fedha dola 30,000. Maana yake ni kwamba ile sehemu ya kumi ya sekunde ilikuwa na thamani ya dola 30,000, mali ya kununulia shamba la maana katika wilaya yao. Nauliza kwa dhati: ni kazi gani nyingine duniani inayomtaka msichana wa miaka 19 ayabebe mambo ya namna hiyo, na ni nani aliyekuwa na wajibu wa kukaa naye kitako na kumweleza la kufanya wiki iliyofuata?

Msichana huyo huyo alikuwa na habari nyingine. Mwaka mmoja kabla ya hapo, katika Olimpiki ya Beijing, alimaliza wa nne, akarudi bila nishani. Ilikuwa mpaka mwaka 2017 ndipo Elvan Abeylegesse wa Uturuki, aliyekuwa wa pili, aliponyang'anywa matokeo yake kwa sababu ya dawa haramu, na Linet akahesabiwa kuwa mwenye shaba. Ilikuja ikiwa imechelewa miaka tisa. Mwanariadha anayeshika nafasi ya tatu katika Olimpiki hupandishiwa bei ya kila mbio anazoalikwa mwaka unaofuata, na kampuni ya viatu humwandikia mkataba mwingine. Hayo hayarudishwi kwa barua ya kumpandisha cheo baada ya miaka tisa. Nayasema haya kwa sababu watu hudhani kwamba dawa haramu humdhuru anayezitumia peke yake.

Tugeukie sasa hesabu, maana ndimo matatizo mengi yalimozaliwa. Tuchukue mfano wa kijana wa Kapsokwony au Kwanza aliyeishinda marathon ya Boston, ambayo mwaka 2012 ilimpa mshindi dola 150,000. Redio hutangaza jioni ile ile kwamba mwana wa nchi amepata zaidi ya shilingi milioni 12, kwa thamani ya shilingi ya mwaka ule, na tarakimu hiyo hukaa vichwani mwa watu isitoke tena. Lakini serikali ya Marekani huzuia asilimia 30 ya malipo ya mwanariadha mgeni, yaani dola 45,000. Meneja wake, kwa desturi ya kazi hiyo, huchukua asilimia 15 ya jumla, yaani dola 22,500. Zimebaki dola 82,500, ambazo hazifiki shilingi milioni 7, na bado hajamkumbuka kocha wala wenzake wa kambi waliompigisha kasi asubuhi zote za baridi. Kisha fedha zenyewe hazilipwi siku ile. Hungojewa majibu ya vipimo vya dawa, na pengine miezi kadhaa hupita kabla hazijafika. Na zikifika, Mamlaka ya Mapato ya Kenya nayo ina neno lake, kama wanariadha wengi walivyotanabahi kwa mshituko miaka kumi na kitu iliyopita walipodaiwa kodi ya mapato ya ng'ambo ambayo hawakuwa wamepata kuisikia. Kijiji kimekwisha kugawana milioni 12. Kijana ana milioni kama 6, tena hajazishika.

Katika miezi hiyo ya kungoja ndipo wageni huja. Sisemi kwamba ni watu wabaya. Aliyeuza kuku akamlipia nauli ya kwenda kambini ana haki ya kukumbukwa, na mama mdogo ambaye mwanawe amefukuzwa shule kwa ajili ya karo hakuja kudanganya. Huja mwalimu wa zamani na karatasi ya harambee, huja kamati ya kanisa, huja jirani mwenye mgonjwa, huja mtu wa ploti aliye na hakika kwamba bei itapanda kabla ya Jumatatu, huja na rafiki wa shuleni mwenye wazo la matatu ya kwenda Webuye. Kijana aliyelelewa kwa adabu hawezi kumwambia mkubwa wake neno la kukataa; na kwa kuwa hawezi kukataa, huahidi, na ahadi zikijumlishwa hupita zile milioni sita kabla hazijafika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la kijana huyu limejaa matumizi kabla halijaandikwa mapato.

Nimewahi kusikia jibu moja ambalo naliona ni bora kuliko hotuba nyingi. Msichana mmoja wa riadha alijiwa na ami yake kwa ajili ya fedha za kumalizia nyumba, naye akamjibu kwa upole mbele ya watu: "Baba mdogo, nimekusikia, wala sikukatai. Fedha zangu ziko benki kwa amana, na kila tarehe tano hunitolea kiasi kile kile, kama mshahara wa mwalimu. Mwezi huu umekwisha kugawanywa. Nikuandike mwezi wa tisa?" Yule mzee akafikiri, akasema aandikwe mwezi wa tisa. Heshima haikuvunjwa, udugu haukukatika, na msichana hakusema uongo, kwa kuwa mambo yalikuwa ndivyo hasa: alikuwa ameyapanga hivyo kwa mkono wake mwenyewe, kwa msaada wa mtu mmoja wa benki na mwalimu wake mmoja, ambao hapana kati yao aliyemdai chochote.

Hapo ndipo nasema pana msingi wa jambo lote. Matumizi ya maisha huja kila mwezi, ilhali mapato ya mwanariadha huja kwa mkupuo na kwa miaka michache. Kumsaidia, basi, ni kuugeuza mkupuo uwe mshahara. Fedha zikiwekwa katika akaunti ya muda maalumu au katika hati za serikali, na kiasi kimoja kikawa kinatoka kila mwezi, kijana hupata mambo mawili kwa wakati mmoja: hupata riziki ya miaka ijayo, na hupata jibu la kuwapa watu leo. Jibu hilo, kwa kijana wa kwetu, lina thamani isiyopungua ile ya fedha zenyewe.

Lakini Kitale ni nchi ya shamba, na huko kila mshauri, awe mjinga au mwerevu, humwambia kijana neno moja: nunua ardhi. Si ushauri mbaya. Ardhi ya Trans Nzoia huotesha mahindi kama ardhi chache za Kenya. Mji wenyewe ndio makao ya Kampuni ya Mbegu ya Kenya tangu mwaka 1956. Ubaya ni kwamba kijana hununua ardhi kama anunuavyo viatu, kwa kutazama na kulipa. Hajui kwamba shamba la kilimo haliuzwi halali bila idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na kwamba idhini hiyo lazima iombwe katika miezi sita tangu mapatano, la sivyo mapatano yenyewe hubatilika. Hajui kwamba kabla ya kutoa senti moja anaweza kwenda katika ofisi ya ardhi akaomba upekuzi rasmi wa hati, akalipa ada ndogo, akapewa karatasi inayoonyesha ni nani mwenye shamba kwa kweli, na kama limewekwa rehani benki. Kesi nyingi zinazowala watu miaka kumi mahakamani zingalikufa mbele ya karatasi ile moja. Fauka ya hayo, anaponunua yuko kambini, au yuko Ulaya. Kwa hiyo humtuma mtu, na yule mtu huandikisha hati kwa jina lake mwenyewe, kwa ahadi kwamba watairekebisha baadaye.

Kwa wanariadha wanawake mambo hayo yamekuwa ya kufa na kupona, na hapa siwezi kupita upesi. Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda aliyetoka Bukwo, upande wa pili wa mlima, alinunua kiwanja na kujenga nyumba katika eneo la Endebess, magharibi ya Kitale, apate kuwa karibu na mahali pa mazoezi. Agosti 2024 alikimbia marathon ya Olimpiki mjini Paris, akawa wa 44. Tarehe 1 Septemba, Jumapili, aliporudi kutoka kanisani, mwanamume aliyekuwa mwenzake alimmwagia petroli akamtia moto nyumbani kwake, na tarehe 5 akafariki katika Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret, akiwa na umri wa miaka 33. Taarifa za wakuu wa mahali zilisema kwamba wawili hao walikuwa na ugomvi juu ya ardhi ile yenye nyumba. Miaka mitatu kabla yake, Oktoba 2021, Agnes Tirop, aliyekuwa mwezi mmoja tu nyuma amevunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee, aliuawa nyumbani kwake Iten, na mumewe akashitakiwa kwa mauaji hayo. Jamaa na wanariadha wenzake waliunda baada yake shirika la Tirop's Angels, ili msichana anayetishwa apate pa kukimbilia.

Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 huitazama mali ya mume na mke kwa kadiri ya mchango wa kila mmoja, na kwa hiyo msichana aliyenunua kwa miguu yake mwenyewe, akaweka risiti na hati kwa jina lake, ana pa kusimama mbele ya hakimu. Lakini karatasi haizuii petroli. Wanaume wengine huanza kama makocha wa wasichana hawa, wakawa mameneja wao, kisha waume zao, hata msichana akawa hana siri, hana akaunti, hana nambari ya siri ya benki isiyojulikana na mtu anayemwogopa. Yeyote anayedai kuwasaidia vijana wa riadha, akazungumza juu ya kodi na akiba peke yake, asiulize hata mara moja, "Binti yangu, ni nani anayeshika kadi yako?", huyo hajaanza kazi.

Wesley Korir ni mfano wa upande mwingine, na kwa kuwa alizaliwa karibu na Kitale nafurahi kumtaja. Alikwenda Marekani, akasoma katika Chuo Kikuu cha Louisville, akahitimu, na baadaye akafanya kazi ya ufundi wa matengenezo pale pale chuoni huku akijifua kwa marathon. Mwaka 2008, mjini Chicago, hakuwekwa miongoni mwa wakimbiaji mashuhuri. Alianzia nyuma yao, dakika kadhaa baada yao, na bado muda wake ukamweka katika nafasi ya nne. Mwaka 2009 akashinda Los Angeles, akarudia mwaka 2010, kisha mwaka 2012 akashinda Boston katika jua lililowaangusha wengi. Mwaka uliofuata watu wa Cherangany wakamchagua kuwa mbunge wao, naye hakuwa na chama. Alisaidia kuanzisha Transcend, mahali pa Kitale ambapo vijana wa sekondari husoma na kukimbia pamoja, na akakiongoza chama cha kutetea haki za wanariadha wa kulipwa nchini. Waonavyo wengi, siri yake ilikuwa Marekani. Mimi naiona mahali pengine: fedha kubwa zilimjia baada ya elimu na baada ya kazi ya kutengeneza mabomba na taa za watu wengine. Kama ilivyokuwa kwa Jipcho, alikuwa amekwisha kujua shilingi hutokaje jasho kabla hazijamjia nyingi kwa pamoja.

Si kila kijana atapelekwa Louisville. Lakini iko njia ya karibu ambayo wana wa Mlima Elgon wameitumia kwa muda mrefu, nayo ni kuandikwa katika magereza, polisi au jeshi. Edith Masai, askari wa Magereza, alikuwa akikaribia umri wa miaka 35 alipopata ubingwa wake wa kwanza wa dunia wa mbio fupi za nyika, mjini Dublin mwaka 2002. Akautwaa tena mwaka 2003 na mwaka 2004, na mwaka 2003 akaongeza shaba ya mita 5000 mjini Paris. Milcah Chemos, bingwa wa dunia wa kuruka viunzi na maji mwaka 2013, alikuwa polisi. Mshahara wa askari ni mdogo ukilinganishwa na zawadi ya mbio moja, na wako mameneja wanaowaambia vijana kwamba sare inawapotezea muda. Sikubaliani nao hata kidogo. Mshahara ule ndio unaomwezesha mtu kusubiri, kupona jeraha pasipo kukimbia na maumivu, kukataa mbio asiyoiweza; na mtu anayeweza kusubiri hashawishiki upesi na daktari wa vichochoroni mwenye sindano. Tangu Kenya ilipotunga sheria ya kupambana na dawa haramu mwaka 2016 na kuunda wakala wa kusimamia kazi hiyo, adhabu zimekuwa zikitolewa mfululizo, na nina yakini kwamba mikopo imewasukuma vijana wengi huko kuliko tamaa. Aliyejenga nyumba ya kupangisha kwa deni la benki, akitarajia ushindi wa mwaka ujao, hana ruhusa ya kuugua.

Wacheza mpira wa Bungoma wana shida iliyo kinyume cha hiyo, nami nitaigusa kwa ufupi. Wao hawapati mkupuo. Hupewa ahadi ya mshahara. Nzoia Sugar ni timu iliyotegemea kiwanda cha sukari, na kiwanda kilipokosa fedha timu ilikosa chakula; na udhamini wa ligi yote uliondoka ghafla Agosti 2019, kampuni ya kamari ya SportPesa ilipoacha kudhamini michezo nchini baada ya mgogoro wa leseni na kodi. Kijana aliyetoka katika mpira wa shule, tuseme pale St. Anthony's ya Kitale, akatia sahihi mkataba wa miaka mitatu, anapaswa kuambiwa tangu mwanzo kwamba mkataba wa mpira katika nchi hii si mshahara mpaka umelipwa, na kwamba cheti cha ufundi kinachosomewa jioni si dalili ya kukosa imani na kipaji chake.

Sasa mlinzi niliyemnena mwanzoni ni nani? Hawezi kuwa meneja, kwa kuwa meneja ana asilimia yake. Hawezi kuwa kocha, ambaye naye hungoja kukumbukwa. Wazazi wanapendwa, lakini ndio wanaosongwa na ndugu kuliko mtoto mwenyewe. Basi ulinzi huo na ushikwe na watu watatu, na wa kwanza wao ni wakili. Mkataba wa kampuni ya viatu, ulioandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, una vifungu vinavyopunguza malipo endapo mwanariadha hatashindana mara kadhaa kwa mwaka au atashuka katika orodha ya dunia. Na ilikuwa lazima mkimbiaji Allyson Felix na wenzake wa Marekani wapige kelele mwaka 2019 ndipo Nike ilipobadili masharti yaliyokuwa yakiwapunguzia wanawake malipo kwa ajili ya ujauzito. Vifungu hivyo visomwe na wakili anayelipwa ada moja iliyojulikana, siyo asilimia, naye amweleze kijana kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama yake, neno kwa neno, mbele ya shahidi, kabla ya sahihi. Mtu wa benki apange mapato ya kila mwezi. Mwanariadha aliyestaafu, aliyepita njia ile akaumia au akasalimika, akae kando yao kama mzee, kwa kuwa maneno yake yataingia pale yasipoingia ya mwanasheria.

Watu hao watatu wapo Kitale leo hii, na wapo Bungoma. Mawakili wana ofisi zao karibu na mahakama, benki zimejipanga barabara kuu, na kuna wakimbiaji wa zamani katika kila kata ya Mlima Elgon, Cherangany na Endebess ambao hapana anayewauliza neno. Kaunti za Trans Nzoia na Bungoma hutenga fedha za michezo kila mwaka, zikanunua jezi na vikombe. Sehemu ndogo ya fedha hizo ingetosha kulipa ada ya wakili kwa kila kijana wa kaunti anayetia sahihi mkataba wake wa kwanza, na posho ya yule mzee atakayekaa naye mara moja kwa mwezi katika mwaka wa kwanza. Kikao cha kwanza kifanyike kambini, kabla kijana hajapanda ndege, naye aondoke akiwa na akaunti kwa jina lake, nambari ya siri aijuayo peke yake, na barua aliyoiandikia benki kwa mkono wake ikieleza kiasi cha kutolewa kila tarehe tano.